Urafiki wa Mbali: Ndege wa Porini, Kamera ya Simu na Afya ya Mgonjwa

Kinjumbi ni kata iliyo kaskazini mwa Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, katika nchi ya vilima vya Matumbi na ukanda wa pwani. Wakazi wake wengi ni wakulima wa mihogo, mahindi, ufuta na korosho. Kwa mkulima wa huko ndege si kiumbe mgeni. Nafaka inapokaribia kukomaa, watoto na wazee hukaa shambani kuamia, wakipiga makopo na kuvurumisha mawe kwa manati. Kanga wa porini ni kitoweo. Bundi akilia juu ya paa, usingizi wa nyumba nzima hukatika. Kumwambia mtu aliyekulia katika mazingira hayo kwamba ndege anaweza kuwa sehemu ya uangalizi wa afya yake ni jambo linalohitaji maelezo, na makala haya yamekusudiwa kutoa maelezo hayo kwa mgonjwa na kwa mhudumu wake.

Chukulia mfano wa mgonjwa ambaye wahudumu wengi wa zahanati za pwani wamekwisha kukutana na mtu wa aina yake. Ni mwanamume wa miaka 58, mkulima, aliyepatwa na kiharusi kutokana na shinikizo la juu la damu. Miezi sita baadaye anaweza kutembea kwa fimbo, lakini mkono wake wa kushoto bado ni dhaifu. Kutwa hukaa barazani. Usingizi wake ni wa mang'amung'amu, chakula hakimwelekei, na vidonge vya shinikizo humeza siku anazokumbuka tu. Kila ahudhuriapo kliniki huambiwa maneno mawili: fanya mazoezi, na punguza mawazo. Huitikia kwa heshima, kisha hurudi barazani.

Ushauri huo ni sahihi, lakini una pengo. Mtu mzima wa kijijini hatembei bila pa kwenda. Huenda shambani, msikitini, dukani au msibani. Aliyeambiwa azunguke kijiji kwa ajili ya kuzunguka huona haya mbele ya majirani, na aliyeambiwa apunguze mawazo hajaambiwa aweke nini mahali pa mawazo hayo. Kuwazoea ndege wa porini na kuwapiga picha huziba pengo hilo kwa mambo mawili: humpa mtu pa kwenda, na humpa cha kuangalia afikapo.

Mlembe na urafiki wa kale

Uhusiano wa hiari kati ya binadamu na ndege wa porini haukuanza na kamera. Katika misitu ya miombo ya Afrika Mashariki na Kusini anaishi mlembe, ndege mdogo wa rangi ya kijivu na kahawia ambaye anajua nyuki walipo lakini hana uwezo wa kulipasua gogo. Amwonapo mtu, hulia kwa mlio wa kuhimiza na kuruka kutoka mti mmoja hadi mwingine mpaka karibu na tundu la nyuki. Mtu hutumia moshi na shoka, akachukua asali. Mlembe hubakiziwa masega, kwa kuwa yeye hula nta na kuimeng'enya, jambo ambalo wanyama wachache sana wanaliweza.

Habari za ndege huyu ziliandikwa zamani. Mwaka 1588 padri Mreno, João dos Santos, alikuwa Sofala, bandari ya Msumbiji ambayo kabla ya kuja kwa Wareno ilifungamana na usultani wa Kilwa kwa biashara ya dhahabu. Aliandika kwamba ndege mdogo alikuwa akiingia kanisani kudonoa mishumaa ya nta, na kwamba ndege wa aina hiyo huwaongoza watu kwenye asali. Mwaka 1989 mtafiti Mkenya Hussein Isack na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walichapisha vipimo vyao kutoka kaskazini mwa Kenya: Waborana wasioongozwa na ndege walihitaji wastani wa saa 8.9 kupata tundu la nyuki, lakini walipoongozwa walihitaji saa 3.2. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walithibitisha kwamba katika hifadhi ya Niassa, ng'ambo ya Mto Ruvuma, Wayao wanapotoa sauti yao ya jadi ya kumwita mlembe, uwezekano wa kuongozwa hadi kwa nyuki hupanda kutoka asilimia 16 hadi 54. Utafiti uliofuata mwaka 2023 ulionyesha kwamba milembe wa nchi ya Wahadzabe, kaskazini mwa Tanzania, huitikia zaidi mluzi wa Wahadzabe kuliko sauti ya Wayao, na wale wa Niassa huitikia zaidi sauti ya Wayao. Kila jamii ina namna yake ya kuita, na ndege wa mahali hapo wameijifunza.

Funzo la mlembe kwa mada hii ni moja. Hafugwi, hafungwi kamba, wala hashikwi mkononi. Urafiki wake na binadamu umesimama juu ya mambo matatu: ishara isiyobadilika, kurudi tena na tena, na umbali ambao ndege mwenyewe ameuchagua. Mambo hayo matatu ndiyo yanayomfaa mgonjwa pia.

Utafiti unaeleza nini

Takribani theluthi moja ya watu wanaopona kiharusi hupata sonona. Dalili yake kubwa, zaidi ya huzuni, ni kujitenga na shughuli. Mtu huacha jambo moja kwa sababu limekuwa zito, na kwa kuliacha hukosa faraja aliyokuwa akiipata kwalo. Kwa kukosa faraja huacha jambo la pili. Huku nyuma akili hubaki ikicheua mawazo yaleyale. Tiba ya kurejesha shughuli hukata mzunguko huo kwa njia nyepesi: mgonjwa hupangiwa tendo dogo, lenye saa na mahali maalumu, naye hulifanya hata kama moyo haujataka. Mwaka 2016 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza uliohusisha watu wazima 440 wenye sonona. Tiba hiyo, ikitolewa na wahudumu wasio wanasaikolojia waliobobea, haikuwa na matokeo hafifu kuliko tiba ya utambuzi na tabia iliyotolewa na wanasaikolojia waliofunzwa kwa miaka mingi. Kwa nchi yenye wanasaikolojia wachache, matokeo hayo yana uzito mkubwa.

Kuhusu ndege wenyewe, watafiti wa King's College London walichapisha mwaka 2022 taarifa za watu 1,292 waliokuwa wakijibu maswali mafupi kwenye simu zao mara kadhaa kwa siku. Waliomwona au kumsikia ndege waliripoti hali bora ya moyo, na nafuu hiyo iliweza kudumu hadi saa nane. Ilionekana pia kwa wale waliokuwa na sonona. Mwaka huohuo watafiti wa Ujerumani waliwasikilizisha watu 295 sauti za ndege au kelele za magari kwa dakika sita. Waliosikiliza ndege walipungukiwa na hangaiko pamoja na hisia za kuwashuku wengine.

Inafaa kueleza mipaka ya ushahidi huu. Utafiti wa London unaonyesha uhusiano, si lazima sababu: huenda mtu aliye na nafuu ndiye anayemtambua ndege. Utafiti wa Ujerumani ulikuwa wa muda mfupi na wa watu wenye afya njema. Hakuna kati ya hizo unaosema kwamba ndege huponya kiharusi au huondoa haja ya dawa. Kinachoweza kusemwa ni kwamba shughuli hii haina gharama kubwa, hubeba ndani yake matembezi na utulivu, na huweza kuwekwa kwenye ratiba. Mwaka 2018 madaktari wa visiwa vya Shetland, Uskoti, walianza kwa kushirikiana na shirika la uhifadhi wa ndege kuwaandikia wagonjwa wao matembezi ya nje, yakiwemo ya kutazama ndege, pamoja na tiba zao za kawaida. Neno la kuzingatia ni hilo: pamoja.

Namna ya kuanza

Aanzaye na achague mahali pamoja na saa moja. Mahali pawe umbali anaoumudu kwa miguu, chini ya mwembe au mkorosho, palipofyekwa ili nyoka aonekane. Saa ifaayo ni baada ya jua kuchomoza, kati ya saa 12 na nusu na saa 2 asubuhi, wakati ndege wanapotafuta chakula na joto halijapanda. Wengi wa pwani huwa wamekwisha kuamka kwa sala ya alfajiri, kwa hiyo saa hiyo haiwaletei mzigo mpya.

Wiki ya kwanza isiwe na kamera. Mgonjwa huketi juu ya kigoda au mkeka kwa dakika 20, akivaa nguo ileile isiyong'aa, bila kunyoosha kidole wala kuwafuata ndege. Kazi yake ni kuhesabu aina anazoziona, hata kama majina hayajui: shorewanda juu ya mpapai, chozi kwenye maua, tetere chini, mbayuwayu angani, hondohondo akipita kwa mabawa mazito. Wiki ya pili hutazama ni nani anayerudi. Ndege wengi wana maeneo yao, na si ajabu mdiria mmoja akaonekana juu ya waya uleule kila asubuhi. Wiki ya tatu husogea hatua mbili tu. Ndege akiendelea kula au kujipangusa manyoya, umbali huo ameukubali. Akiacha kula, akanyoosha shingo, akatikisa mkia au kulia kwa ukali, mtu amevuka mpaka na arudi nyuma polepole.

Chakula si cha lazima, wala hakishauriwi. Makombo ya mkate na wali hukusanya kunguru na panya. Kunguru wa Kihindi, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 na kuenea pwani yote, hula mayai na makinda ya ndege wengine, na kumlisha ni kuwafukuza wale wengine. Maji yanatosha. Kifuu cha nazi au sahani isiyo na kina, ikiwekwa kivulini mbali na kuku, huvuta ndege wengi hasa miezi ya kiangazi. Chombo hicho kimwagwe na kusuguliwa kila siku. Maji yakiachwa kwa wiki nzima huwa mazalia ya mbu aina ya Aedes, aenezaye dengi, na hapo urafiki wa ndege utakuwa umeleta ugonjwa nyumbani.

Kwa aliye na shinikizo la damu au kisukari, njia ya kwenda na kurudi ndiyo mazoezi yenyewe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 au zaidi kwa wiki za mwendo wa wastani. Dakika 15 za kwenda na 15 za kurudi, siku tano kwa wiki, zinafikisha hesabu hiyo. Aliyepatwa na kiharusi huanza na dakika tano na mtu wa kumsindikiza. Akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au udhaifu mpya wa upande mmoja, asimame na apelekwe kituo cha afya mara moja.

Wakazi wa Somanga, Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko wana neema ya ziada. Mwambao wao ni sehemu ya ardhioevu ya Rufiji, Mafia na Kilwa, iliyoingizwa mwaka 2004 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kuanzia Agosti au Septemba hadi karibu Aprili, bahari inapokupwa, kwenye tope la mikokoni hushuka ndege wa pwani waliozaliana Siberia na kaskazini mwa Ulaya. Huonekana pia ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambaye hutaga katika mashimo ya mchanga kwenye fukwe za Bahari ya Arabuni na Bahari ya Shamu. Ndege hawa huhitaji kula kwa wingi kabla ya safari. Kila wanaporushwa na mtu asogeaye sana hupoteza nguvu walizozikusanya kwa safari hiyo.

Picha na manufaa yake kwa mgonjwa

Simu ya kawaida yenye kamera inatosha. Jua liwe nyuma ya mpigaji. Kioo cha kamera kipanguswe kwa kitambaa safi, kwa kuwa hewa ya pwani huacha ukungu wa chumvi. Viwiko vibanwe mbavuni, pumzi itolewe taratibu, kisha kitufe kibonyezwe. Kuvuta picha kupita kiasi kwenye simu huiharibu. Ni afadhali ndege aonekane mdogo lakini wazi, pamoja na tawi alilokalia. Mwanga wa kamera usitumike. Kiota chenye mayai au makinda kisikaribiwe, kwa kuwa mzazi aliyeruka huacha nafasi kwa kunguru, na njia iliyokanyagwa na mtu huwaonyesha wanyama wala mayai pa kupita. Vilevile mlio wa ndege usichezwe kwenye simu ili kumwita: humfanya ndege adhani eneo lake limevamiwa.

Kwa mwenye mkono dhaifu, tawi lenye panda lililochimbiwa ardhini hushika simu vizuri. Ni panda ileile ambayo vijana hutengenezea manati. Kuinua simu, kuilenga na kubonyeza ni mazoezi ya mkono na jicho ambayo mgonjwa huyarudia bila kuhesabu, na mkono ulio dhaifu unaweza kupewa kazi ya kushikilia panda wakati ule mzima unapobonyeza.

Picha ina manufaa ya pili. Mtu mwenye sonona husema kwa moyo mmoja kwamba wiki nzima hakufanya lolote. Picha zenye tarehe humwonyesha kwamba alitoka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kwamba Ijumaa alikaa zaidi. Mhudumu naye hupata kumbukumbu ya mahudhurio isiyotegemea kubahatisha. Manufaa ya tatu ni ya uchunguzi. Mtu anayeshindwa kumwona ndege ambaye mjukuu wake anamwona waziwazi huenda ana mtoto wa jicho, na asiyesikia tena milio myembamba ya ndege wadogo huenda usikivu wake umepungua. Yote mawili yanastahili kupimwa.

Magonjwa, na sababu ya kutoshika

Umbali unaomlinda ndege humlinda mtu pia. Mafua makali ya ndege ya aina ya H5N1 yaligunduliwa kwa binadamu mara ya kwanza huko Hong Kong mwaka 1997, ambapo watu 18 waliugua na 6 wakafariki. Tangu mwaka 2003 hadi 2024, zaidi ya watu 900 wamethibitika kuambukizwa katika nchi zaidi ya 20, na takribani nusu yao walifariki. Wengi wao walikuwa wamegusana na kuku au bata walio wagonjwa au waliokufa. Katika Afrika Mashariki, Januari 2017 Uganda ilithibitisha mafua makali ya ndege baada ya ndege wa porini wahamao kuonekana wamekufa kandokando ya Ziwa Victoria. Kumtazama ndege mzima kwa mbali hakuleti hatari hiyo. Hatari huanza pale mtu anapookota ndege aliyelegea, anapomchinja, au anapompeleka nyumbani walipo kuku.

Ugonjwa wa pili ni homa ya kasuku, unaosababishwa na bakteria aina ya klamidia wa ndege. Huenea kwa vumbi la kinyesi na manyoya ya kasuku, njiwa na bata, hasa waliofungiwa. Huleta homa, maumivu makali ya kichwa na kikohozi kikavu, kwa kawaida kati ya siku 5 na 14 baada ya kuambukizwa, na hutibika kwa doksisaiklini. Mhudumu asipouliza habari za ndege, ugonjwa huu hupita kama nimonia ya kawaida. Tatu ni fangasi aina ya kriptokokasi, apatikanaye kwenye kinyesi kikavu cha njiwa, ambaye kwa mwenye kinga dhaifu huweza kusababisha homa ya uti wa mgongo. Mtu anayeishi na VVU anaweza kutazama ndege uwanjani bila hofu, lakini asifagie banda la njiwa wala dari lenye kinyesi cha ndege. Mwenye pumu naye aepuke vumbi hilo.

Hatari nyingine hazitokani na ndege, bali na mahali. Nguo za mikono mirefu na suruali hupunguza kuumwa na mbu wa malaria na wa matende, ambao bado huuma alfajiri. Viatu vya kufunika mguu ni kinga dhidi ya nyoka. Kusimama kwenye madimbwi na vijito vya maji yasiyo ya chumvi huhatarisha kupata kichocho. Katika vijiji ambako tembo hupita, mtu asitoke peke yake wala kabla ya kupambazuka. Amfuataye mlembe akumbuke kwamba anapelekwa kwa nyuki: mwenye mzio wa nyuki asimfuate.

Kanuni ni fupi. Ndege aliye hai asishikwe. Ndege aliyekufa asiguswe kwa mkono mtupu, na watoto wakatazwe kumchezea. Wakionekana ndege kadhaa wamekufa mahali pamoja, afisa mifugo wa kata na uongozi wa kijiji waarifiwe siku hiyohiyo. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kutoka, na kabla ya kumeza dawa za asubuhi. Kumkamata ndege wa porini na kumfungia bila kibali ni kosa pia kisheria, kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Kuhusu bundi

Mhudumu atakayezungumzia ndege vijijini ataulizwa juu ya bundi. Asicheke. Imani kwamba bundi hutangulia msiba imekua kutokana na jambo ambalo watu wameliona kweli: mara nyingi bundi husikika katika nyumba yenye mgonjwa mahututi. Lakini bundi hulia kila usiku, na wenye afya huwa wamelala. Anayekesha na mgonjwa ndiye anayemsikia, na akikumbuka mlio ule baada ya msiba, huufungamanisha nao. Bundi hula panya, waharibifu wa ghala na waenezaji wa magonjwa. Maelezo haya, yakitolewa kwa upole, yanaweza kuokoa bundi, na zaidi ya hapo yanaweza kuituliza familia iliyokwisha kukata tamaa na kuacha kumpa mgonjwa dawa.

Kazi ya mhudumu wa afya

Mhudumu asimpe mgonjwa ushauri huu kama amri. Kwanza apime: shinikizo la damu, sukari, uwezo wa kutembea, na dalili za sonona kwa dodoso linalotumika kituoni. Aulize waziwazi kama mgonjwa amefikiria kujidhuru au kujiua. Akikiri, asiachwe peke yake, na rufaa ifanyike siku hiyo; kwa mgonjwa wa namna hiyo matembezi ya asubuhi si jibu. Asiyekiri, wakubaliane kuhusu mahali, saa na idadi ya siku, kisha yaandikwe kwenye kadi yake chini ya dawa, si mahali pa dawa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuketi naye siku ya kwanza. Baada ya wiki nne, dawa, shinikizo na dodoso vipitiwe upya pamoja na picha. Pasipo nafuu, tiba iongezwe au mgonjwa apewe rufaa.

Kwa mgonjwa asiyeweza kutoka, kitanda kielekezwe dirishani. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa wagonjwa 46 wa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliolala vyumba vyenye dirisha lililotazama miti walikaa hospitalini siku chache zaidi na walihitaji dawa chache za maumivu makali kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Kuhamisha kitanda hakuhitaji bajeti.

Mkulima aliyetajwa mwanzoni hatarudishiwa mkono wake na mdiria wa kwenye waya. Lakini akikubali kumwendea asubuhi tatu kwa wiki, atakuwa na safari ambayo majirani wanaielewa, picha ya kumwonyesha mjukuu, na saa maalumu ya kuamka. Vidonge vya shinikizo vikiwekwa karibu na simu anayotoka nayo, na kumezwa kila asubuhi anaponawa mikono, awe ametoka au hakutoka, navyo vitapata saa yake. Siku ya kliniki mhudumu ataanza na swali jepesi kujibu kuliko lile la mawazo: wiki hii amemwona nani? Jibu likipatikana, kipimo cha shinikizo kifuate.